Kuchagua ukubwa wa vipandikizi vya matiti baada ya kuzaa: mililita 275, 350 au zaidi?

Mama wa Wawili

Habari zenu dada zangu, pamoja na wataalamu mliomo humu. Naomba ushauri wa wale waliolipitia jambo hili au wanaolifahamu kwa kazi yao. Nina umri wa miaka 36, nimejaaliwa watoto wawili, na wote nimewanyonyesha hadi walipoacha ziwa wenyewe. Mdogo aliacha zaidi ya mwaka mmoja uliopita, uzito wangu umetulia tangu wakati huo, na mimi na mwenzangu tumekubaliana kwamba hatutaongeza mtoto mwingine. Matiti yangu hayakuwa makubwa hata nilipokuwa msichana, ila yalikuwa yamejaa. Sasa sehemu ya juu imebaki tupu, ngozi imelegea, na nikivua sidiria yanalala. Nikivaa sidiria ya saizi yangu ya zamani, kikombe kinabonyea upande wa juu kwa sababu hakuna cha kukijaza.

Nimekwisha kuonana na daktari bingwa wa upasuaji wa plastiki kwa mara ya kwanza. Alinipima kwa rula, akanieleza kuwa kitako cha titi langu kina upana wa sentimita 12.5, kisha akasema nifikirie vipandikizi vya silikoni vya kati ya mililita 275 na 350, nirudi kwake tukiwa tayari kuamua. Hapo ndipo nilipokwama. Rafiki yangu ananihimiza nichukue kikubwa kabisa, kwa hoja kwamba kila mwanamke baadaye hutamani angeongeza. Dada yangu mkubwa anataka nichague kidogo kabisa ili watu wasitambue. Mimi mwenyewe sitafuti kifua cha kuvuta macho ya watu. Nataka kurudishiwa kilichokuwepo, na pengine nyongeza kidogo. Je, tofauti ya mililita hizo 75 inaonekana kweli? Na je, ngozi iliyolegea namna hii itajazwa na kipandikizi kikubwa zaidi, au inahitaji tiba nyingine?

---

Muuguzi wa Upasuaji

Dada, pole kwa mkanganyiko, na hongera kwa kusubiri. Wengi huja wakiwa wameachisha mtoto majuzi tu, ilhali titi huendelea kubadilika kwa miezi kadhaa baada ya maziwa kukauka. Ndiyo maana madaktari hutaka ipite angalau miezi mitatu, na wengi hupendelea sita, kabla ya kuchukua vipimo. Wewe kipindi hicho umekwisha kukivuka, uzito wako umetulia na hutarajii mimba nyingine, kwa hiyo vipimo ulivyopewa vinaaminika.

Naomba uiweke kando kwanza namba ya mililita. Kipimo kinachopaswa kutangulia ni zile sentimita 12.5 ulizotajiwa. Kipandikizi kinatakiwa kiingie ndani ya mipaka ya titi lako, na kwa kuwa nyama na ngozi navyo vina unene wake, upana wa kipandikizi huwa pungufu kidogo ya upana wa titi. Kikizidi hapo, hutokeza pembeni kuelekea kwapani, ambako mkono utakuwa unakigusa kila unapotembea, au husogea katikati hadi nafasi iliyo kati ya matiti mawili ikapotea. Mfuko, yaani nafasi ambayo daktari huitengeneza ndani ili kipandikizi kikae, ukikatwa kupita kiasi katikati ya kifua, kuurekebisha ni kazi ngumu sana, na matokeo yake si ya uhakika.

Baada ya upana ndipo huja mwinuko, yaani umbali ambao kipandikizi kinatokeza mbele. Vipandikizi viwili vyenye mililita 300 kila kimoja vinaweza kutofautiana kabisa: kimoja kikawa na upana wa zaidi ya sentimita 12 na mwinuko wa wastani, kingine kikawa na sentimita 11 na kitu hivi huku kikitokeza zaidi. Kwa hiyo mtu akikuambia tu kwamba ana 300, hajakueleza titi lake litaonekanaje, sembuse lako. Hali ni hiyo hiyo kwa herufi za vikombe vya sidiria. Watu husema kwamba mililita 150 hadi 200 huongeza kikombe kimoja, na kwa makadirio ya mbali si vibaya, lakini mwenye kifua chembamba ataona ongezeko kubwa kwa ujazo ule ule ambao mwenye kifua kipana hatausikia. Isitoshe, viwanda vya sidiria havina kipimo kimoja. Daktari makini hatakuahidi herufi.

Kuhusu mililita 75: ndiyo, zinaonekana, ingawa si kwa kiasi ambacho wengi hudhania. Tofauti kati ya 275 na 300 ni mililita 25, ambazo hazifiki vijiko viwili vya chakula, na zikitandazwa kwenye titi zima hakuna atakayezitambua. Kutoka 275 hadi 350 utaona tofauti hasa upande wa juu, chini ya mtulinga. Usikeshe ukihangaika na namba mbili zinazofuatana.

Sasa nije kwenye ngozi, maana hapa ndipo wanawake waliozaa huumia. Kipandikizi hujaza, hakiinui. Kikiwekwa ndani ya titi lililolala, unapata titi kubwa lililolala. Wapo wanaoshawishika kwamba wakiongeza ujazo wa kutosha ngozi itakazika na wataepuka makovu ya kuinua, na kwa miezi ya mwanzo huwa inaonekana kweli imekazika. Lakini mililita moja ya silikoni ina uzito unaokaribia gramu moja, hivyo vipandikizi viwili vya mililita 500 kila kimoja ni karibu kilo nzima inayoning'inia mchana kutwa kwenye ngozi ambayo mimba na unyonyeshaji vimekwisha kuidhoofisha. Ngozi hiyo hunyooka tena, mkunjo wa chini hushuka, na nyama nyembamba ya juu huanza kuonyesha mawimbi ya kipandikizi mtu akiinama. Mwisho wake ni upasuaji wa pili, na huo huwa mgumu kuliko wa kwanza.

Jipime hivi. Simama wima mbele ya kioo bila sidiria, mikono ikiwa chini, kisha weka rula kwa mlalo kwenye mkunjo ulio chini ya titi, uishike ibaki palepale ilipogusa kifua. Tazama chuchu iko wapi kwa upande wa rula. Ikiwa juu ya mstari huo, kipandikizi peke yake kinaweza kutosha. Ikiwa kwenye mstari wenyewe, uko mpakani, na hapo jicho la daktari ndilo linaloamua. Ikiwa imeshuka chini ya mstari, unahitaji kuinuliwa matiti, pamoja na kipandikizi au bila hicho. Ukishapima tuandikie umeona nini.

---

Mama Pacha

Mwenzangu, mimi nilibeba pacha na ngozi yangu ilinyooka kupita kiasi, kwa hiyo nilifanyiwa vyote viwili kwa pamoja: kuinuliwa na kuwekewa vipandikizi vya mililita 250. Daktari alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa yeyote, kwamba kazi hizo mbili zinapingana, kwa sababu kuinua ni kukata na kukaza ngozi ilhali kipandikizi kinaisukuma na kuitanua. Ndiyo sababu anayefanyiwa vyote kwa mara moja hushauriwa ukubwa wa wastani, na baadhi ya madaktari huamua kuinua kwanza, wakasubiri miezi kadhaa ngozi ipone, kisha wakaweka vipandikizi. Makovu ninayo: moja linazunguka chuchu, jingine linashuka wima hadi kwenye mkunjo. Yalikuwa mekundu kwa muda mrefu, kisha yakafifia, na nayakubali kwa moyo mkunjufu kwa sababu sidiria ya kawaida sasa inanikaa.

Kuhusu kuchagua ukubwa, kilichonisaidia kuliko picha zote ni mchele. Chukua kikombe cha kupimia chenye alama za mililita, pima mililita 275 za mchele mkavu, utie kwenye soksi nyembamba ya nailoni, uifunge, kisha uibonyeze iwe bapa kiasi. Pima kwa ujazo na si kwa mizani, kwa kuwa mililita 275 za mchele hazifiki gramu 275. Tengeneza mbili, uzivae ndani ya sidiria laini isiyo na sponji, juu yake uvae fulana inayokubana. Halafu usiishie kwenye kioo. Fanya kazi zako za siku nzima ukiwa nazo: ogesha watoto ukiwa umeinama, panda ngazi, lala kifudifudi, valia nguo unayoipenda. Siku nyingine vaa 350. Mimi nilianza na 350 nikajiona nimependeza sana asubuhi, ila ilipofika jioni mikanda ya sidiria ilikuwa imenichimba mabegani na nilikuwa natembea nimefumbata mikono kifuani bila kujua. Hapo nikajua mwili wangu unataka nini. Jua tu kwamba mchele unakaa juu ya titi, kwa hiyo unaonekana mkubwa kidogo kuliko kipandikizi chenyewe kitakavyoonekana kikiwa ndani, hasa kikiwekwa chini ya msuli. Daktari wako pia anaweza kuwa na vipandikizi vya majaribio. Omba uvivae, na uende na fulana yako mwenyewe.

Jambo jingine ambalo mama hana budi kulipanga ni watoto. Nilikatazwa kunyanyua kitu chochote kizito kwa wiki 6, na mtoto anayetembea ni mzito kuliko watu wanavyokumbuka. Wangu walikuja na mikono juu wakitaka kubebwa, nami niliketi sakafuni ili wanipande mapajani badala ya mimi kuwainua. Panga msaidizi kabla ya tarehe ya upasuaji. Na usihukumu ukubwa katika wiki za mwanzo. Vipandikizi hukaa juu sana, vigumu, vimevimba, ukadhani umepewa visivyo vyako. Hushuka taratibu na kulainika, na umbo la kweli nililiona baada ya miezi kadhaa.

---

Mrefu wa Mabega

Naomba nimtetee kidogo huyo rafiki yako anayekuhimiza uongeze, kwa sababu si kila anayechagua kikubwa anajitakia makuu. Nina urefu wa sentimita 178, mabega mapana, watoto watatu, na kitako cha titi langu kilipimwa kikawa zaidi ya sentimita 14. Nikaogopa namba, nikaomba 275. Daktari akanionyesha kwamba kipandikizi cha ujazo huo chenye mwinuko wa wastani kingekuwa chembamba mno kwa kifua changu, kingeacha nafasi tupu pande zote na kuonekana kama kitu kilichopachikwa. Nilichukua 400, na nikiwa nimevaa hakuna anayedhani nimefanyiwa lolote. Chuchu zangu zilikuwa bado juu ya mkunjo, kwa hiyo sikuhitaji kuinuliwa. Ninachotaka kusema ni kwamba 400 yangu isikutishe wala isikuvutie, kwani wewe una sentimita 12.5.

---

Mama wa Wawili

Nawashukuru sana, mmenifungua macho kwa namna ambayo sikuitarajia. Nimepima kwa rula kama dada muuguzi alivyoelekeza. Titi la kulia chuchu iko sawasawa na mstari, la kushoto imeshuka kidogo chini yake, na kwa kuangalia vizuri nimegundua kwamba la kushoto ni kubwa kuliko jenzake, jambo ambalo sikuwahi kulitilia maanani. Nikibana ngozi ya juu ya titi kwa vidole viwili, naona ni nyembamba sana. Mchele nimevaa tangu juzi. 300 inanipendeza na siihisi, 350 naihisi nikiinama. Naomba mnieleze maswali gani nimpelekee daktari, na kama kuna jambo la miaka ijayo linalopaswa kuniathiri katika kuchagua ukubwa sasa. Marehemu shangazi yangu aliugua saratani ya matiti, kwa hiyo hilo pia linanisumbua.

---

Muuguzi wa Upasuaji

Umefanya kazi nzuri, dada, na majibu yako yanabadilisha mazungumzo utakayokuwa nayo na daktari. Swali lako la kwanza kwake lisihusu ukubwa. Muulize waziwazi: "Je, kipandikizi peke yake kitanitosha, au nahitaji kuinuliwa angalau upande wa kushoto?" Upande mmoja ukiwa mpakani na mwingine umevuka mpaka, mara nyingi daktari huzungumzia kuinua, hata kama ni kwa mkato mdogo unaozunguka chuchu. Akikujibu kwamba ataongeza ujazo ili asiinue, mwombe akueleze titi hilo litakuwaje baada ya miaka 10, na utafute maoni ya daktari wa pili kabla ya kukubali.

Tofauti ya matiti mawili ni ya kawaida sana, na unyonyeshaji huiongeza kwa kuwa mtoto huwa na upande anaoupenda. Inawezekana kabisa kuwekewa vipandikizi viwili vya ujazo tofauti. Usitarajie yalingane kabisa, maana hata chuchu na mikunjo yenyewe huwa haiko kimo kimoja.

Unene ulioubana kwa vidole una uzito mkubwa katika uamuzi huu. Nyama ya juu ikibanwa isifike sentimita 2, madaktari wengi hupendelea kuweka sehemu ya juu ya kipandikizi chini ya msuli wa kifua, ili ukingo wake usionekane. Kwa mwanamke aliyezaa hili linahitaji uangalifu: kipandikizi kikifunikwa chote na msuli kikabaki juu, huku nyama ya titi ikiwa imelegea, nyama huporomoka mbele yake na kutengeneza matuta mawili. Kwa sababu hiyo msuli huachiliwa upande wa chini ili kipandikizi kishuke na kujaza ngozi pale ilipo tupu. Muulize atafanya vipi. Unene huo mdogo pia ni sababu nzuri ya kutokwenda juu ya kile ambacho upana wako unaruhusu, kwani nyama nyembamba haifichi kitu. Kwa maelezo uliyotoa, na bila kukugusa wala kukuona, ningeshangaa kama daktari atakupinga ukimwambia unataka iliyo karibu na 300.

Kuhusu miaka ijayo, vipandikizi si vya maisha yote. Kadiri vinavyokaa ndivyo uwezekano wa kupasuka, au wa gamba la kovu ambalo mwili hulijenga kuvizunguka kuvikaza na kuleta maumivu, unavyoongezeka, hivyo hesabu moyoni mwako kwamba ipo siku utarudi kwenye meza ya upasuaji. Silikoni ikipasuka mara nyingi haionyeshi dalili. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inapendekeza uchunguzi wa ultrasaundi au MRI miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka 2 hadi 3, na tangu mwaka 2021 imeagiza kila mgonjwa apewe orodha ya hatari aipitie na kuitia sahihi kabla ya kuamua. Hata kama daktari wako hayuko chini ya mamlaka hiyo, mwombe mpitie hatari hizo moja baada ya nyingine: ganzi ya chuchu inayoweza isiishe, maambukizi, kurudiwa kwa upasuaji, na ile saratani adimu ya mfumo wa kinga inayoota kwenye gamba linalozunguka kipandikizi. Hiyo ya mwisho imehusishwa zaidi na vipandikizi vyenye ngozi ya kukwaruza. Mwaka 2019 aina moja iliyohusishwa nayo zaidi iliondolewa sokoni duniani kote. Kwa hiyo uliza pia kama ulichochaguliwa kina ngozi laini au ya kukwaruza, na kama unavuta sigara, acha angalau wiki 4 kabla na 4 baada, hasa ikiwa utainuliwa, kwa sababu moshi hunyima chuchu damu.

Hilo la marehemu shangazi lisiachwe liwe la pembeni. Mweleze daktari kabla ya kitu kingine chochote, utaje na umri aliokuwa nao alipougua. Ataona kama ufanyiwe mamogramu, yaani picha ya eksirei ya matiti, au ultrasaundi kabla ya upasuaji, ambayo pia itabaki kuwa picha ya kulinganishia baadaye. Kipandikizi huziba sehemu ya titi kwenye picha ya mamogramu, na kadiri kinavyokuwa kikubwa ukilinganisha na nyama yako mwenyewe ndivyo kinavyoziba zaidi. Kikiwa chini ya msuli nyama huonekana vizuri zaidi. Kila utakapokwenda kupigwa picha, mwambie mpiga picha mapema kwamba una vipandikizi, ili akisukume nyuma na kuivuta nyama mbele, apige picha za ziada. Na utakapopewa kadi yenye aina, ujazo na namba ya kila kipandikizi, piga nakala yake uweke mahali pawili, maana daktari atakayekuhudumia miaka 12 ijayo ataitaka hiyo kabla ya kukugusa.